Manowari Inajua Watu Wake

Vijana wenzangu wa Bukoba wapo watakaokwambia, kabla kahawa haijapoa, kombora moja likiipiga manowari watakufa mabaharia wangapi. Siwacheki. Nasomea shahada ya uzamili ya takwimu, na makadirio hayo ni halali: unahitaji idadi ya waliomo, mahali walipo chombo kinapopigwa, milango ya kuzuia maji, na muda wa kuzama. Nyambizi ya Uingereza ilipoizamisha General Belgrano ya Argentina, tarehe 2 Mei 1982, ilikuwa na watu 1,093. Walikufa 323. Inajulikana hivyo kwa sababu kila mmoja alikuwa ameandikwa.

Sasa niulize kuhusu MV Bukoba. Tarehe 21 Mei 1996, ikitokea Bukoba na Kemondo, ilipinduka ikikaribia Mwanza. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Waliokufa? Huyu atakwambia mia nane, yule elfu. Madaraja ya juu yalikuwa na orodha ya majina. Daraja la tatu halikuwa nayo. Mwenye nauli ndogo alipanda bila jina, akazama bila jina, na miaka yote hii tunamwita "takribani".

Hata Stanley, alipowamiminia risasi watu wa kisiwa cha Bumbire mwaka 1875, alihesabu aliowaua na kuripoti. (Hesabu ya majigambo, lakini hesabu.) Muuaji alitaka idadi, wauza tiketi wetu hawakuitaka.

Msiniambie ni mipango ya Mungu. Miaka 22 baadaye, Septemba 2018, MV Nyerere yenye nafasi za watu 101 ilizama karibu na Ukara, wakafa zaidi ya 220. Hapo hakuna cha kutabiri. Toa 101 kwenye waliopanda, jibu unalo, mradi tu uwe na waliopanda.

Najua hoja ya pili: majina yanachelewesha safari, hasa mitumbwi ya injini inayokwenda Bumbire, Goziba na visiwa vingine vya Muleba. Yanachelewesha kwa dakika ngapi? Wavuvi na wauza dagaa wanaandikiana madeni kwenye madaftari tangu alfajiri, jina na shilingi, bila kukosea. Tunajua kuandika. Basi kila mtumbwi uwe na daftari la abiria, mtoto wa mgongoni naye aandikwe, na kabla injini haijawashwa nakala moja ibaki mwaloni.