Mgeni Njoo, Lakini Mwenyeji Naye Apone

Wahenga walipotuusia "mgeni njoo, mwenyeji apone", walikuwa na maana iliyo wazi. Mgeni ajapo, kuku huchinjwa, chakula kizuri hupikwa, na mtoto aliyezoea kulala na njaa hushiba angalau siku hiyo. Siku hizi methali hii imepinduliwa kichwa chini miguu juu. Mgeni ndiye ajaye kupona, naye mwenyeji amekuwa mponyaji wa kulipwa mshahara, apone asipone.

Nimelitafakari jambo hili tangu nilipozuru Makwasinyi, kijiji kilichoko chini ya Mlima Kasigau katika Kaunti ya Taita Taveta. Nilikwenda huko wakati wa likizo kukusanya majina ya mimea katika lahaja ya Kikasigau. Akina mama niliowakuta wakingoja zamu yao ya kuteka maji walinitajia mti baada ya mti: huu wa tumbo, ule wa homa, mwingine wa kumwogesha mzazi. Katika mkoba wangu mlikuwamo kijitabu cha rangi cha hoteli moja ya kisiwani, nilichopewa safarini. Kilimwahidi mgeni kusingwa kwa singo, kuogeshwa kwa maji ya asumini na kufukizwa kwa majani ya porini, kwa bei ambayo mwalimu wa shule ya msingi angehitaji kudunduiza miezi kadhaa aipate. Hoteli ilijisifu kuwa kisima cha uzima na rafiki wa mazingira.

Kazi yangu ni maneno, kwa hivyo naomba nianzie hapo. Neno "spa" ni jina la mji ulioko Ubelgiji, ambako kwa karne nyingi watu walikwenda kunywa na kuoga maji ya chemchemi yenye madini wakitafuta afya. Jina la mji likageuka kuwa jina la kila mahali pa kukandwa na kuogeshwa. Hakuna ubaya, lugha hukopa. Lakini jambo lenyewe hatukulikopa. Singo, liwa, udi na kujifukiza ni mambo ayajuayo kila bibi harusi wa Lamu, Mombasa au Unguja, naye hufundishwa na somo au kungwi wake. Mgeni akiyapenda, tufurahi. Chema chajiuza.

Sasa tulitazame neno "uzima". Mzizi wake ni -zima, yaani kisichopungua wala kumeguka. Mkate mzima, siku nzima, mtu mzima. Nalo "mazingira" latokana na kuzinga: ni yale yote yatuzungukayo. Ninauliza basi: hoteli imezungukwa na nini? Na kasa na minazi na matumbawe, naam. Lakini imezungukwa pia na watu. Mazingira yasiyomhesabu mwanakijiji aliye ng'ambo ya ukuta yamemeguka, na uzima unaouzwa humo una pengo.

Pengo hilo hupimika kwa lita. Mwaka wa 2012 shirika la Tourism Concern la Uingereza lilitoa ripoti kuhusu maji na utalii katika vijiji vya Nungwi, Kiwengwa na Jambiani huko Unguja. Ilibainika kwamba familia ya kawaida ilitumia takriban lita 93 kwa siku. Chumba kimoja cha nyumba ya wageni ya kawaida kilitumia lita 686, na chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano zaidi ya lita 3,000. Chumba kimoja, sawa na familia zaidi ya 30! Hoteli yaweza kuacha mirija ya plastiki na kuwasha taa kwa jua, lakini ikiwa kisima cha jirani kimekauka, urafiki wake na mazingira ni wa mdomoni tu.

Msomaji wa bara asidhani kwamba hayo ni ya visiwani peke yake. Ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, katika kaunti hii hii, mna chemchemi iitwayo Mzima. Maji yake ni mvua ya vilima vya Chyulu iliyochujwa na miamba ya volkano. Watalii hushuka katika chumba cha vioo kutazama samaki na viboko chini ya maji. Tangu miaka ya 1950, bomba huyachukua maji hayo mpaka Mombasa, mji wenye watu wengi na hoteli nyingi. Wakazi wa Taita Taveta wamelalamika kwa miaka mingi kwamba maji hupita kwao yakienda kwingine, wala mapato yake hawayaoni. Chemchemi inaitwa Mzima. Je, jirani yake ni mzima?

Makwasinyi inalijua swali hili vyema. Mlima Kasigau, wenye urefu wa zaidi ya mita 1,600, hunasa mawingu kileleni, na msitu wake ndio mama wa maji ya vijiji vya chini. Nyika iliyouzunguka ni kavu, na ni njia ya ndovu. Kiangazi kikizidi, ndovu na binadamu hugombea tone lile lile. Kati ya Februari na Oktoba 2022 ndovu 205 walikufa nchini kwa ukame. Watu wa Kasigau wanajua pia maana ya kuondolewa kwao: mwaka wa 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliwahamisha kwa nguvu hadi Malindi wakiwashuku kuwasaidia Wajerumani, na wengi wao hawakurudi hai. Watu wenye historia hiyo wana haki ya kuuliza kila mradi mpya wa uhifadhi utawaacha wapi.

Nitaambiwa kwamba utalii huleta kazi na karo. Sikatai. Vijiji vya Kasigau vimewahi kujenga mabanda yao wenyewe ya kupokelea wageni, na akina mama husuka vikapu vya mkonge vinavyouzwa nchi za mbali. Tangu mwaka wa 2011 misitu ya eneo hili imeuzwa pia kama hewa ya kaboni katika soko la dunia. Hoja yangu si kwamba mgeni afukuzwe. Hoja ni nani mwenye banda, nani mwenye bomba, na nani aulizwaye kabla ya mkataba kutiwa sahihi. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya maji safi ya kutosha. Haikusema mgeni kwanza.

Basi na tufanye nini? Kwanza, kila hoteli ijiitayo rafiki wa mazingira itangaze hadharani lita anazotumia mgeni mmoja, kando ya lita anazopata jirani mmoja. Kijitabu cha rangi kina nafasi ya kutosha. Pili, Sheria ya mwaka wa 2016 ya kulinda maarifa ya jadi imezipa kaunti wajibu wa kuyaorodhesha maarifa ya jamii zao. Ujuzi wa wale akina mama wa Makwasinyi uandikwe kwa jina la jamii yao, kabla haujafungwa katika chupa ndogo yenye jina la mtu mwingine.

Hapa ndipo ninapowageukia walimu na wanafunzi. Orodha hiyo haitaandikwa na waziri. Mwanafunzi ana nyanya. Nyanya ana majina ya miti. Mwalimu atoe zoezi moja tu muhula huu: kila mtoto alete majina 10 ya mimea katika lugha ya nyumbani, na matumizi yake, na jina la aliyemweleza. Mimi niliandika mengi siku ile, nikakatizwa. Zamu ya mama aliyekuwa akinieleza ilikuwa imefika, naye hakuweza kuiacha ipite, kwa kuwa maji yangefungwa saa sita.