Mgema Akisifiwa: Uaminifu wa Mteja na Bei ya Programu

Ndugu walimu, sisi tufundishao Kiswahili hapa Gisenyi, karibu na Grande Barrière, tunaishi mahali ambapo lugha yetu ndiyo inayotumika kununulia na kuuzia baina yetu na jirani zetu wa Goma. Sokoni kuna kanuni ambayo hata mtoto anaijua: mteja wa kudumu hupewa nyongeza. Hapandishiwi bei ati kwa sababu amezoea kuja.

Wauzaji wa programu za kompyuta wameipindua kanuni hiyo. Kwao mteja mwaminifu ni mateka: kwa kuwa hawezi kuondoka, na akamuliwe. Mwaka 2013 kampuni ya Adobe ilitangaza kuwa matoleo mapya ya programu zake za picha na uchapaji hayatauzwa tena yakawa mali ya mnunuzi, bali yatakodishwa. Aliyekuwa mwenye mali akageuzwa mpangaji.

Likaja la Microsoft. Tarehe 14 Oktoba 2025 ilikoma kutoa bure marekebisho ya usalama ya Windows 10. Windows 11 haikuwa na bei kwa mwenye Windows 10, lakini ilidai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kompyuta nyingi zifanyazo kazi vizuri zikakataliwa. Wenye kompyuta hizo wakaambiwa: lipeni dola 30 mpate mwaka mmoja zaidi, au toeni pointi 1,000 za kampuni, au kubalini mipangilio yenu ihifadhiwe katika ghala la kampuni. Lakini Septemba 2025, baada ya chama cha wateja cha Euroconsumers kulalamika, wateja wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya waliondolewa masharti hayo. Wakatakiwa kuingia kwa akaunti tu.

Programu ni ile ile, hatari ni ile ile. Kwa nini basi mteja wa Paris asamehewe na wa Rubavu atozwe? Hii ni barrière nyingine, isiyo na askari wala forodha, nayo ni ngumu kuvuka kuliko hii yetu.

Watasema kwamba kazi ya programu ina gharama, na kwamba shule ziliwekewa dola 1 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza. Ni kweli. Lakini mwalimu anayeandaa masomo nyumbani, kwa kompyuta aliyoinunua kwa mshahara wake, hahesabiwi kuwa shule. Wala hatuombi sadaka. Tunadai masharti yawe mamoja.

Watu wa Ulaya hawakuhurumiwa. Walisema kwa kauli moja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Hapana budi vyama vyetu viandike kudai haki hiyo, tena kwa Kiswahili, ambacho tangu 2017 ni lugha rasmi ya Rwanda. Na wanafunzi wetu wafundishwe pia programu zisizodai ada ya leseni, kama LibreOffice. Njia hiyo si ngeni kwetu: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya bure iliyozungumza Kiswahili.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Tumemsifu vya kutosha. Sasa tuonje kwanza, ndipo tulipe.