Taya la mtoto, picha ya pande tatu na kosa la kamati yetu

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.), aliyemuumba mwanadamu akampa mifupa ya kumsimamisha, meno ya kutafunia na ulimi wa kumtajia. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na masahaba zake.

Ndugu wasomaji, juma hili tunaanza na jambo linalotuhusu sisi wenyewe. Mwaka jana, baada ya swala ya Isha, mzazi mmoja wa msikiti wetu alitufuata ofisini akiwa na barua ya daktari wa meno. Binti yake alikuwa ametimiza miaka 13. Meno yake ya mbele yalikuwa yamebanana na kutokeza, na chonge moja ya juu ilikuwa haijaota. Daktari alitaka apigwe picha ya taya ya pande tatu kabla ya kufungwa vyuma vya kupanga meno, na barua ilitaja pia kwamba kupitia picha hiyo utaangaliwa msongamano wa mfupa. Mzazi aliomba fungu la wagonjwa la msikiti limchangie.

Kamati ilikaa. Mmoja wetu alisema kupanga meno ni mambo ya urembo. Mwingine aliuliza ni tangu lini mtoto wa miaka 13 akapimwa mifupa kama ajuza. Mwingine akakumbusha kwamba wapo wagonjwa wa figo wanaosubiri. Ombi likakataliwa, na sisi tulioshika kalamu tukaandika katika muhtasari kwamba jambo hilo halihusiani na maradhi. Hatukumwuliza tabibu yeyote.

Miezi minane baadaye mzazi yule alirudi. "Sheikh katibu, safari hii sikuja kuomba, nimekuja kuwapa habari," alisema. Alikuwa amekusanya fedha mwenyewe na picha ilikuwa imepigwa. Chonge ile ililala kimshazari ndani ya mfupa, kwa upande wa kaakaa, na ncha yake ilikuwa imeanza kuula mzizi wa jino la jirani. Daktari alisema asingeweza kujua mzizi ule ulikuwa katika hali gani siku barua ilipoandikwa, ila mapema ingekuwa bora. Tulimwomba radhi mzazi wetu, naye, Mwenyezi Mungu amlipe, alitusamehe. Baada ya hapo tuliona ni wajibu wetu kujifunza kile tulichokihukumu bila elimu, na haya ndiyo tuliyojifunza.

Chonge ya juu kwa kawaida huota mtoto akiwa na miaka 11 au 12. Katika kila watu 100, takriban wawili chonge yao hukwama ndani ya mfupa, na wasichana hupatwa zaidi kuliko wavulana. Haina maumivu, kwa hiyo mtoto halalamiki. Mzazi huliona jino la utotoni limebaki mahali pake, akadhani mwanawe amechelewa tu. Daktari mzoefu humpapasa mtoto ufizi tangu akiwa na miaka 9 au 10, akitafuta kivimbe cha chonge inayoshuka. Asipokipata, huanza kuitafuta kwa picha.

Jambo la pili ni namna vyuma vinavyofanya kazi. Wengi tunadhani jino huvutwa kama msumari unavyovutwa kwenye ubao. Sivyo. Kati ya mzizi wa jino na mfupa wa taya upo utando wa nyuzi ambao unene wake ni kama sehemu ya tano ya milimita. Chuma kinaposukuma jino taratibu, upande unaobanwa hujitokeza seli zinazoumega mfupa, na upande unaoachwa wazi hujitokeza seli nyingine zinazojenga mfupa mpya. Jino husafiri kwa kadiri ya milimita moja kwa mwezi, likibomolewa njia mbele na kujengewa ukuta nyuma. Ndiyo maana matibabu haya huchukua mwaka mmoja na nusu, miwili au zaidi, na ndiyo maana nguvu kubwa haiharakishi kazi, bali hudhuru mizizi. Katika kipindi hicho mfupa unaozunguka jino hulegea kwa muda, kisha hukomaa tena. Mtoto anayevuliwa vyuma akakataa kuvaa kishikizo alichopewa, meno yake hurudi yalikotoka.

Hapo ndipo hali ya mfupa inapoingia. Mataya hayafanani. Taya la chini, hasa sehemu ya mbele, ni gumu na limeshikamana. Taya la juu, hasa nyuma kwenye magego, lina mfupa mwepesi wenye vijitundu vingi kama sifongo. Mabingwa wa kupanga meno wakati mwingine hupachika skrubu ndogo mfupani ili ziwe nguzo ya kuvutia meno, na skrubu hizo hushika vizuri pale ganda la nje la mfupa lilipo nene. Basi si ajabu daktari akataka kujua mfupa ukoje kabla ya kuanza.

Je, hupimwaje? Picha za mionzi ya eksirei ziligunduliwa na Mjerumani Wilhelm Röntgen mwaka 1895, na mapema mwaka 1896 mwenzake Otto Walkhoff alijipiga picha ya meno kwa kukaa mbele ya mionzi dakika 25, muda ambao leo hakuna daktari angeuruhusu. Picha ya kawaida huonyesha kivuli tu: vitu vya mbele na vya nyuma hulaliana. Mwingereza Godfrey Hounsfield ndiye aliyetengeneza mashine ya CT inayokata mwili vipande vipande kwa mionzi na hesabu. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1979 pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, Afrika Kusini. Vipimo vya mashine hiyo huitwa kwa jina la Hounsfield: maji ni 0, hewa ni 1000 chini ya sifuri, na mfupa hupanda juu kadiri unavyokuwa mgumu. Katika daraja zilizowekwa na Carl Misch wa Marekani kwa ajili ya wanaopandikizwa meno, mfupa mgumu kabisa wa taya huvuka 1250, na ulio laini kabisa huwa chini ya 150.

Mashine iliyo katika kliniki nyingi za meno, hata hivyo, si CT ile ya hospitali kubwa. Ni ndugu yake mdogo, anayejulikana kwa kifupi kama CBCT. Humzunguka mgonjwa kichwani mara moja kwa mionzi yenye umbo la pia, ikatoa picha ya pande tatu. Picha hiyo ni hodari sana kuonyesha jino lililofichika liko wapi, mzizi upi umeguswa, na ganda la mfupa lina unene wa milimita ngapi. Lakini tarakimu inazotoa kuhusu msongamano wa mfupa hazina uhakika ule wa CT. Mionzi hutawanyika, chuma kilichomo kinywani huivuruga, na mahali kichwa kilipowekwa hubadili hesabu. Mfupa uleule ukipimwa kwa mashine mbili tofauti waweza kupewa tarakimu mbili tofauti. Kwa hiyo mzazi akionyeshwa tarakimu kutoka CBCT na kuambiwa mwanawe ana mifupa dhaifu, asifadhaike na asikimbilie kununua dawa. Na akiambiwa mtoto apigwe picha hiyo kwa ajili ya kupata tarakimu hiyo tu, ana haki ya kuuliza itabadilisha nini katika matibabu.

Twende kwenye hofu ya mionzi, kwa sababu wazazi wengi wametuuliza. Kila mwanadamu hupokea mionzi ya asili kutoka ardhini, angani na katika chakula. Wastani wa dunia ni takriban milisivati 2.4 kwa mwaka. Picha ya kawaida inayoonyesha mataya yote mawili kwa pamoja huwa kama milisivati 0.02, sawa na siku tatu za mionzi ya asili. CBCT hutofautiana sana kwa mashine na kwa ukubwa wa eneo linalopigwa, kuanzia siku chache hadi miezi kadhaa. Mtoto huathirika na mionzi kwa urahisi kuliko mtu mzima. Ndiyo maana miongozo ya Ulaya ya mwaka 2012 ilisema CBCT isifanywe desturi kwa kila anayepangwa meno. Ifanywe pale picha ndogo isipotosha kujibu swali, na lipigwe eneo dogo linalohitajika tu. Chonge iliyokwama karibu na mizizi ya jirani ni miongoni mwa sababu hizo. Meno yaliyobanana kidogo, peke yake, si sababu.

Sasa tuje kwenye neno "urembo", ambalo sisi tulilitanguliza. Imepokewa kwa Abdullah bin Masoud (r.a.) katika Sahihi mbili makemeo makali kwa wanaochonga meno ili kuyapa mwanya kwa ajili ya uzuri. Makemeo hayo tunayaamini na kuyaheshimu. Lakini Imam Nawawi (r.a.), katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, amebainisha kwamba katazo limefungamana na kutaka uzuri, na kwamba anayehitaji kwa tiba au kwa sababu ya kasoro katika jino hana ubaya. Tunajua pia kisa cha Arfaja bin As'ad (r.a.), aliyekatwa pua vitani, akaweka pua ya fedha ikamharibikia, na Mtume (s.a.w.) akamwamuru aweke ya dhahabu, ingawa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Tabibu wa Kiislamu wa Andalusia, Abul-Qasim Az-Zahrawi, aliyeishi miaka 1000 iliyopita, aliandika namna ya kuyafunga meno yaliyolegea kwa waya wa dhahabu. Wazee wetu hawakuona kuwa kurekebisha kinywa kilichoharibika ni kugeuza maumbile.

Binti yule ni mwanafunzi wa madrasa. Ustadhi wake anasema tangu zamani alikuwa akijifunika mdomo kwa ushungi kila zamu yake ya kusoma ilipofika. Kila aliyesoma tajwidi anajua kwamba Thaa, Dhaal na Dhwaa hutoka ncha ya ulimi inapogusa kingo za meno mawili ya mbele ya juu. Meno yakiwa yametokeza, mtoto huhangaika na herufi hizo, na wenzake humcheka. Sisi tulikiita hicho urembo.

Tunawausia wazazi yafuatayo. Mtoto akifika miaka 9 au 10, apelekwe kwa daktari wa meno aliyesajiliwa, hata kama haumwi. Chonge isipoonekana hadi miaka 13, msingoje zaidi. Mkiagizwa picha ya pande tatu, ulizeni kwa adabu maswali matatu: inatafuta nini ambacho picha ndogo haikuonyesha, itapigwa eneo lenye ukubwa gani, na jibu lake litabadilisha nini. Daktari mwema hachukii maswali hayo. Mkishapewa picha, ombeni nakala muihifadhi, ili mtoto asirudiwe kupigwa mkibadilisha kliniki. Mwelezeni daktari dawa zote anazotumia mgonjwa, kwani zipo dawa za kuimarisha mifupa ambazo huzuia meno kusogea. Na jihadharini na wanaofunga vyuma vya mapambo mitaani na mitandaoni. Hao hawajui mzizi wa jino uko wapi.

Bibi naye asisahauliwe. Picha ya kawaida ya mataya mawili ikionyesha ukingo wa chini wa taya umekuwa mwembamba, chini ya milimita 3, kwa mama aliyekoma hedhi, huenda mifupa yake ya nyonga na mgongo imedhoofika pia. Taya halitoshi kutoa hukumu, ila latosha kuwa sababu ya kumpeleka akapimwe mifupa hospitalini kabla hajaanguka.

Kamati imekaa tena. Muhtasari wa zamani hatukuufuta, kwa kuwa ni haki ya wajao kujua tulivyokosea. Chini yake tumeandika kwamba ombi lolote la matibabu, la mtoto au la mtu mzima, halitajibiwa kabla ya kuulizwa mtu mwenye elimu ya fani hiyo. Fungu limelipia upasuaji mdogo wa kuifunua chonge, na sasa inavutwa, milimita kwa milimita, kuelekea mahali pake. Mzizi ulioliwa haurudi. Daktari anatarajia jino lile litadumu miaka mingi likitunzwa, na tunamwomba Mola alidumishe.

Ewe Mola wetu, tusamehe tulipohukumu bila elimu, wape shifaa wagonjwa wetu, na ututie nuru katika amana tulizobebeshwa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.