Afya ya mwanafunzi inaanzia mu shamba letu



Mu mikutano yetu tunaongea sana juu ya mbegu, bei ya soko la Kadutu na ugonjwa wa migomba. Ni vizuri. Lakini kuko jambo moja ambalo karibu hatuliweke mu programu ya mkutano: afya ya watoto wetu wakiwa masomoni. Tunasema ile ni kazi ya mwalimu, ao ya kituo cha afya, ao ya watu wa proje. Mimi nasema ni kazi yetu pia.

Tuangalie hali ilivyo. Uchunguzi mkubwa wa afya uliofanyika mu inchi yetu 2013-2014 ulionyesha kwamba watoto 43 kwa 100 wenye chini ya miaka mitano walikuwa wafupi kuliko umri wao, juu ya kula vibaya kwa muda mrefu. Hapa kwetu Kivu ya Kusini walikuwa zaidi ya nusu. Wale watoto leo wako wakubwa, wengi wanakaa kwenye viti vya masomo. Bwaki tunaijua: miguu inavimba, nywele zinageuka rangi, tunakimbiza mtoto hospitali. Ile nyingine haionekane haraka: mtoto anasinzia mu darasa, anashika masomo kwa shida, anarudilia mwaka. Sisi tunasema ni mvivu, kumbe ni njaa.

Na hii inatokea mahali pazuri pa kulima. Tuko na misimu miwili ya mvua, tuko na soja, maharagi, lengalenga, na sambaza za ziwa. Shida ni kwamba maharagi, mayai na soja vinapanda gari kwenda Bukavu, na mtoto anabakia na bugali ya mihogo. Kama agronomu nawaambia wazi: unga wa mihogo unashibisha tumbo, lakini mu gramu 100 hauna hata gramu 3 za protini. Maharagi makavu yako na zaidi ya 20, soja zaidi ya 35. Kuuza si vibaya, pesa inatafutwa. Kibaya ni kuuza vyote.

Chakula peke yake hakitoshe. Mtoto mwenye minyoo anakula, na minyoo inakula pamoja naye. Kolera nayo haijaacha vijiji vya kandokando ya ziwa. Reko wetu wa kijiji wanapita, wanafundisha, wanasaidia kugawa dawa ya minyoo. Lakini dawa inatoa minyoo ya leo. Ile ya kesho inazuiliwa na choo safi, maji na sabuni. Mtoto aliyefundishwa kunawa, kiisha anakuta masomo haina hata bidoni moja ya maji, atasahau lile somo mbele ya siku kuisha.

Tumeona proje nyingi. Programu ya taifa ya Villages et Écoles Assainis, yenye kusaidiwa na UNICEF, ilifikisha maji na vyoo mu masomo mengi ya Kongo. Lakini watu wa proje iko siku wanaenda, na robine inaweza kuvunjika siku inayofuata. Nani ataitengeneza? Kooperative haiendi. Iko na wanamemba, iko na kasha, iko na depo. Na sheria iko upande wetu: Kongo iliingia OHADA mwaka 2012, na sheria ya OHADA ya 2010 juu ya kooperative inataja kujitolea kwa ajili ya jamii kati ya kanuni za kooperative. Zile kooperative za kahawa zenye cheti cha Fairtrade, wanamemba wenyewe njo wanaamua mu mkutano mkuu vile prime itatumika. Masomo inaweza kuwa mu ile orodha.

Tupige hesabu. Masomo ya watoto 300, kila mmoja kikombe cha uji wa masoso (muhindi, soja na sorgo), gramu 40 za unga: ni kilo 12 kwa siku. Mara mbili kwa juma, majuma 36, inakuwa kilo 864 kwa mwaka. Kooperative ya wanamemba 200 ikigawana, kila mmoja anatoa kilo 4 na kidogo. Kwa mwaka muzima! Wazazi walete kuni na maji, kwa zamu. Soja ikaangwe vizuri mbele ya kusagwa, juu ikiwa mbichi inazuia tumbo kutumia protini yake.

Kuko watakaosema: Serikali ilitangaza masomo ya msingi bure tangu 2019, basi ilishe na watoto. Wako na haki, na tuendelee kuidai. Lakini mtoto wa miaka saba hawezi kungoja tumalize kudai. Wengine watasema vita na barabara mbovu vimetumaliza. Ni kweli, si kila kooperative inaweza kuanza na uji. Basi ianze na vitu vya bei ndogo: bidoni yenye kitundu na kipande cha sabuni karibu na choo, ao majivu kama sabuni imekosa. Na hili halina bei hata kidogo: mwanafunzi asipige dawa ya wadudu mu shamba, na chupa ya dawa isigeuke chupa ya maji ya kupeleka masomoni.

Ombi langu: mu mkutano mkuu unaokuja, kila kooperative ichague masomo moja iliyo karibu, iite direkteri na reko, iandike mu kitabu ni nani atasimamia maji, nani uji, nani choo. Na kila miezi tatu mtu atoe ripoti, sawa vile tunatoa ripoti ya kasha.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini sisi hatuko kidole kimoja: juu ya hiyo njo tulijiunga.