Jiko la bi harusi si la kuvishwa lesi

Leo nakuja na maneno makali kidogo, na wa kwanza kulaumiwa ni mimi mwenyewe.

Mimi ni fundi cherehani. Bi harusi akinunuliwa vyombo, huja kwangu kushonewa seti ya vitambaa vya jikoni: cha friji, cha blenda, na siku hizi cha jiko la indaksheni, lile bapa la kioo. Hata cha kutandika chini yake nilishona, chenye lesi pembeni. Nikalipwa, nikashukuru.

Kisha mwari mmoja akarudi dukani analia. Jiko alilopewa na shangazi yake lilikuwa linapiga kelele tu, sufuria haipati moto. Alipoazima sufuria ya jirani likawaka, lakini likazima katikati ya wali. Mawifi wakasema kaharibu kitu hata fungate haijaisha.

Sikilizeni kosa lilipo. Jiko hili halina moto. Chini ya kioo mna waya uliozungushwa. Umeme ukipita, nguvu ya sumaku inaipasha sufuria yenyewe. Kwa hiyo linataka sufuria ambayo sumaku inanata. Sufuria zetu za alumini hazifai, na chungu hakifai. Chukua sumaku ya kubandika kwenye friji, iguse kwenye kitako cha sufuria. Ikinata, pika. Tena kitako kiwe bapa.

Na kule chini mna feni inayovuta hewa ya kulipoza jiko. Kitambaa changu ndicho kilichoziba matundu, jiko likapata joto kali, likajizima lisiungue. Mwari hakuharibu kitu. Tuliomharibia ni sisi.

Sasa nawauliza mama, mashangazi na masomo: tunamfundisha mwari kufukiza udi, kutandika kitanda na kupika biriani. Nani alikaa naye akamwonyesha jiko lake? Tunanunua jiko ili vyombo vikitolewa watu wapige vigelegele, sufuria zake hatununui. Hiyo ni israfu, na dini yetu imetukataza israfu. Jiko likikaa kabatini limevaa lesi, mwenyewe anapuliza mkaa, limemfaa nani?

Najua mtasema chakula cha umeme hakina ladha. Ladha ni mkono na viungo, si moshi machoni. Mtasema umeme hukatika. Hilo kweli, sisi wa Unguja hatujasahau ile miezi mitatu ya giza, mwisho wa 2009 hadi 2010. Basi gesi au seredani ibaki pembeni. Lakini hiyo si sababu ya kulifungia jiko kabatini.

Ukimpa mwanao jiko, mpe na sufuria mbili zinazonata sumaku, na mpe na maneno haya. La wati 2000 likiwaka kwa nguvu zote nusu saa linakula uniti moja, kwa hiyo chakula kikichemka, punguza. Lichomeke ukutani peke yake, usilichanganye na friji na pasi kwenye ekstensheni moja. Ukimaliza, zima kwa kitufe, ngoja feni isimame, ndipo uchomoe. Kioo kikipoa, kifute kwa kitambaa chenye unyevu; usikisugue kwa stiluulu, wala usiliingize jiko kwenye maji. Kioo kikipasuka, usiliwashe tena. Na aliyewekewa kifaa cha kusaidia moyo kifuani amuulize daktari wake kabla ya kulitumia.

Mimi kitambaa cha chini ya jiko sishoni tena. Pesa ninayoikosa naijua, msimu wa harusi si mchezo. Lakini sitaki riziki itokayo kwenye aibu ya mwari. Anayeagiza seti namshonea vishikio vya sufuria, kisha namuuliza: dada, sumaku unayo?

Wabillahi tawfiq.