Tamko la Wataalamu wa Fiziotherapia Kuhusu Mawasiliano na Wagonjwa

Sisi, wataalamu wa fiziotherapia tunaohudumia wagonjwa wa Mshangano na kata nyingine za Manispaa ya Songea, kupitia chama chetu, tunatoa tamko hili tunapoelekea Siku ya Fiziotherapia Duniani, inayoadhimishwa kila tarehe 8 Septemba tangu mwaka 1996. Tunalielekeza kwa wanataaluma wenzetu, viongozi wa vituo vya afya, wagonjwa na familia zao.

KWA KUTAMBUA kwamba sehemu kubwa ya tiba yetu hufanywa na mgonjwa mwenyewe, nyumbani kwake, sisi tukiwa hatupo; na kwamba aliyepooza kwa kiharusi au aliyevunjika mguu kwa ajali ya bodaboda hukaa nasi muda mfupi, kisha hurudi Mbinga, Namtumbo, Nyasa au Tunduru, ambako nauli ya kuja tena kliniki ni mzigo;

NA KWA KUZINGATIA kwamba heshima humfanya mgonjwa aitikie "ndiyo, daktari" hata asipoelewa, na kwamba wapo wazee ambao maumivu yao huyaeleza vizuri zaidi kwa Kingoni, Kimatengo, Kindendeule au Kiyao;

TUNATAMKA kwamba maelezo ni sehemu ya tiba. Mgonjwa akiondoka bila kujua afanye zoezi gani, mara ngapi, na lini asimame, kazi yetu haijakamilika.

Tunawahimiza wenzetu wapime uzito wa maneno yao. Mkulima wa mahindi mwenye maumivu ya mgongo huambiwa "pingili zimesagika", naye huliweka jembe chini kwa hofu ya kuvunjika. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015, yaliyohusu watu 3,110 wasio na maumivu ya mgongo, yalionyesha kwamba kuchakaa kwa diski huonekana kwenye picha za asilimia 37 ya watu wenye miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Mkulima huyo anastahili kuambiwa kwamba mabadiliko kama hayo huja na umri, kwamba mgongo wake bado una nguvu, na kwamba atarudi shambani hatua kwa hatua.

Vilevile, wapo wanaofika wakitarajia kuchuliwa tu, na wapo wanaoamini kwamba ndugu yao aliyepooza amerogwa. Kuwacheka au kuwakemea huwafungia mlango. Tuwasikilize kwanza, kisha tueleze kwa utulivu kilichotokea kwenye ubongo na kwa nini mkono uliolegea unahitaji kufanyiwa kazi kila siku.

Kwa hiyo, TUNAAHIDI:

1. Kumwamkia mgonjwa kwa heshima ya umri wake, kujitambulisha, na kumwacha aeleze tatizo lake bila kumkatiza.

2. Kuomba ridhaa kabla ya kumgusa au kumwomba apunguze nguo, kumsitiri, na kumruhusu awe na ndugu karibu akipenda.

3. Kumuuliza anataka kurudi kufanya nini: kuchota maji, kulima, kusali akiwa amepiga magoti, na kupanga mazoezi kwa kulifuata lengo hilo.

4. Kutomaliza kwa swali la "umeelewa?" Tutamwomba atuonyeshe zoezi mwenyewe na atueleze atakavyolifanya nyumbani. Akikosea, tutaeleza upya kwa njia nyingine.

5. Kutoa mazoezi machache yanayowezekana kwa vitu vilivyopo nyumbani, na kumfundisha pia mke, mume au mtoto mkubwa atakayemsaidia.

6. Kusema ukweli kuhusu muda wa kupona, bila kuahidi miujiza na bila kumvunja moyo.

TUNAWAOMBA viongozi wa vituo vya afya watenge muda wa kutosha wa maelezo na faragha ya kuyatolea, na waandae wakalimani wa lugha za mkoa huu na wa lugha ya alama. Si haki kumtumia mtoto kutafsiri siri za mwili wa mzazi wake. Tunaviomba pia vyuo vinavyofundisha taaluma yetu vipime stadi ya kuzungumza na mgonjwa kwa uzito uleule unaopewa stadi ya mikono.

TUNAWAOMBA wagonjwa waulize. Kumwambia mtaalamu "sijaelewa", au "zoezi hili limenishinda", si utovu wa adabu. Ukiacha mazoezi kwa sababu ya maumivu, kazi ya shamba au kukosa nauli, njoo utuambie sababu hiyo ili tupange upya pamoja. Na mwanachama wetu akikujibu kwa dharau, una haki ya kulalamika kwa uongozi wa kituo, na chama hiki kitasimama upande wa haki yako.

Limetolewa na Kamati ya Chama,
Mshangano, Songea, Ruvuma.