Ujira wa Fundi Usicheleweshwe

Kuna unyonyaji ambao tumeuzoea hata hatuuiti tena kwa jina lake. Katika masomo ya siasa skuli tulifundishwa kwamba mnyonyaji ni yule anayeishi kwa jasho la mwenziwe, na Azimio la Arusha la mwaka 1967 lililieleza jambo hilo waziwazi. Tukazoea kumwona mnyonyaji katika sura ya kabaila na bepari. Hatukuzoea kumwona katika sura ya mtu wa kawaida, mwenye mshahara wake, anayekwenda kusali Idd na kanzu mpya ambayo fundi aliyeishona bado hajalipwa.

Tunaowazungumzia leo ni mafundi wanaojitegemea: mshoni, seremala, mwashi, mchonga milango, fundi wa mashine za boti, mpiga picha za harusi, na siku hizi vijana wanaotengeneza matangazo kwa kompyuta. Hawa hawana mwajiri. Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Nambari 11 ya mwaka 2005, inamlinda mwajiriwa. Fundi wa namna hii akidhulumiwa, mlango huo haumfungukii. Alichonacho ni makubaliano yake na mteja, na makubaliano yenyewe mara nyingi ni ya mdomo, yamefungwa barazani baina ya salamu na kikombe cha kahawa.

Hebu tuitazame hesabu ya seremala. Mbao za mninga zinatoka Bara, na mwenye mbao hataki maneno, anataka fedha. Umeme wa karakana hulipiwa kabla haujatumika. Kijana anayepiga randa lazima apate chochote jioni. Misumari, gundi na vanishi havikopeshwi. Kila mtu katika mlolongo huu amekwisha kupata chake ila seremala mwenyewe, ambaye malipo yake yamo katika salio la mwisho. Kwa hiyo mteja anayechukua kitanda na kuondoka na salio hakuchukua faida ya fundi peke yake. Amechukua na mtaji wake.

Yanayofuata watu hawayafikirii. Fundi aliyepoteza mtaji hupokea kazi ya mteja wa pili, na fedha za mteja huyo wa pili huzitumia kumalizia kazi ya wa tatu aliyekwisha kumkasirikia. Tarehe zinapita, ahadi zinavunjika, na mtaa mzima unasema mafundi ni waongo. Wapo waongo, hilo hatulikanushi. Wapo wanaochukua arbuni na kuzima simu, nao wanastahili kushitakiwa. Lakini uongo mwingi wa mafundi tunaoulalamikia, ukiufuatilia hadi chanzo chake, utaukuta mlangoni kwa mteja ambaye hakulipa.

Kwa nini basi fundi hadai? Jibu ni muhali. Mdaiwa ni mjomba wake, au jirani, au mwalimu aliyemsomesha chuoni. Akienda kudai ataambiwa hana adabu. Asipokwenda, watoto wake watalala na njaa. Muhali ni sifa njema ya watu wa visiwa hivi, na bila yake tusingeweza kuishi karibu karibu namna tunavyoishi. Lakini mdaiwa mwenye uwezo ameugeuza kuwa ngao. Anajua kwamba fundi ataona haya kumsimamisha njiani, naye hupita mbele ya karakana akitoa salamu ndefu kana kwamba hakuna lililotokea. Haya imemwendea asiyestahili kuibeba.

Baadhi yetu huona kwamba kuandikiana baina ya jamaa ni dalili ya kutoaminiana. Fikira hiyo haina msingi katika dini tuliyosomeshwa. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, nayo ni ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandika deni, dogo au kubwa, pamoja na muda wake na mashahidi wake. Aya mbili kabla yake inaagiza mwenye dhiki asubiriwe, na hilo ni haki. Mtu aliyefiwa, au mvuvi ambaye bahari imemnyima, asubiriwe. Lakini mwenye mshahara wa kila mwezi anayemwambia mshoni asubiri, huku amenunua simu mpya, si katika hao.

Sasa tuje kwenye ofisi, na hapa inafaa tuseme bila kificho. Ofisi ya umma inapoagiza madawati au mapazia, fundi huyakubali kwa furaha kwa sababu anaamini kwamba Serikali haikimbii. Kazi huisha, mizigo hupokewa, kisha safari huanza. Fungu halijaingia. Mhasibu yuko likizo. Hati ya malipo imekosewa, iandikwe upya. Mkubwa aliyeagiza amehamishwa, na aliyekuja hana habari. Fundi wa Micheweni hulipa nauli ya kwenda Chake Chake mara tatu na nne, na pengine huambiwa apande boti kwenda Unguja, hata nauli zikaanza kula kile anachokifuata. Ofisi inayoagiza kazi ilhali haina fedha katika kasma yake imemkopa maskini bila ya kumwomba.

Wenzetu wa nje wamekwisha kuliona tatizo hili. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la mwaka 2011, uliziwekea ofisi za umma muda wa siku 30 kwa kawaida kulipa wanaozihudumia. Mji wa New York una sheria iliyoanza kutumika mwaka 2017, inayotaka kazi ya mtu anayejitegemea yenye thamani ya dola 800 au zaidi iwe na mkataba wa maandishi, na ilipwe ndani ya siku 30 kama siku nyingine haikutajwa.

Fundi naye asingojee sheria mpya. Achukue arbuni inayotosha kununua vifaa vyote. Aandike bei, siku ya kumaliza na siku ya kulipwa. Hata ujumbe wa simu ni kumbukumbu, ausifute. Sheha au mtu mzima wa mtaa anaweza kuwa shahidi. Na kitu kisitoke kabla ya salio. Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, ambayo Waingereza waliileta katika pwani hii, ilikwisha kumpa fundi haki ya kukizuia alichokitengeneza mpaka alipwe. Mshoni aikumbuke haki hiyo usiku wa kuamkia Idd, maana kanzu iliyotoka usiku ule kwa neno la "kesho" haina nguvu tena ya kumrudisha mwenyewe.

Kwa wakuu wa ofisi, mwaka wa fedha hufungwa tarehe 30 Juni. Kabla ya siku hiyo kila ofisi ibandike ubaoni orodha ya mafundi inaowadai kazi na wanaoidai fedha, deni la zamani likiwa juu, na ilipe kwa utaratibu huo. Tangu hapo asitie saini mtu yeyote agizo la kazi lisilo na kasma. Na fungu likiwa dogo, seremala wa madawati alipwe kabla ya posho na chai za semina.